Mama Aliyetangulia Jukwaani

9 Januari

Wifi yangu,

Nyumba nzima inakusalimu. Kaka yako ameniagiza nikwambie yeye ni mzima kama chuma, ingawa juzi alirudi kutoka kupima viwanja ameshika kiuno kwa mikono miwili. Binti yetu mkubwa amevuka darasa. Mdogo ameng'oka meno ya mbele na sasa hacheki mbele ya wageni. Mama anakula vizuri, shida yake ni magoti asubuhi. Nimemhamishia kile chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, maana kule nyuma alikuwa anatazama ukuta mchana kutwa.

Hongera ya uprofesa ulishapewa kwa simu, ila simu ni ya kaka yako na mama. Mimi napewa ile dakika ya mwisho, kila mtu ameshachoka kuongea. Sisi wawili tubaki na barua zetu, kama tulivyokuwa tukiandikiana wakati wa likizo za chuo, kabla hujanikutanisha na kaka yako ukanigeuza wifi.

Sasa lililonifanya niandike. Mkuu wa idara yetu hapa chuoni anataka uje mwezi wa tisa utoe mhadhara wa wazi. Barua rasmi utaipata. Kazi ya kukutambulisha kwa wageni nimepewa mimi. Alisema mbele ya kikao, "Si ni wifi yako? Wewe hata kusoma huhitaji." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kwa hiyo nitumie wasifu wako kamili: vitabu, makala, tuzo, kila kitu, nisije nikaruka kimoja nikaambiwa ni kijicho.

Usije ukadhani sijui ulichoandika. Kaka yako amechapa ukurasa wako wa chuo akaubandika sebuleni, juu ya televisheni. Akija mgeni, anasimama kumsomea vichwa vya makala zako kama mwalimu mkuu anayetangaza waliofaulu. Wiki iliyopita jirani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia: "Na wewe shemeji, umeandika nini?" Nikasema naenda kutazama chai.

Nimesoma hata yale mahojiano yako ya gazetini. Ni mazuri. Umesema mapenzi yako ya siasa yalianzia kwenye gazeti la marehemu baba, alivyokuwa akilisoma kwa sauti kwenye meza yake ya ushonaji. Nimetafuta mahali ulipomtaja mama, aliyepanda majukwaa ya kampeni miaka yote ile akipasha moto umati kabla mgombea hajafika. Sikuona. Labda walikata.

Ni mimi wifi yako.


2 Februari

Wifi mpenzi,

Barua yako imenikuta salama, namshukuru Mungu. Huku mvua haiishi. Ofisi mpya niliyopewa ina dirisha lisilofunguka, na ukutani kwenye ujia kuna picha za maprofesa waliotangulia, wote wamenuna. Nyumbani niko peke yangu kama unavyonijua. Jirani wa juu namfahamu kwa maji yake tu, yanapopita kwenye bomba la ukutani. Wabusu watoto. Mwambie mdogo kwamba shangazi yake alipong'oka meno alicheka hivyo hivyo, na hakufa.

Wasifu nimeuambatanisha. Nimeupunguza, usije ukawalaza watu. Ukitaka kuueleza kwa ufupi, sema nimepita njia tatu. Mwanzo nilichunguza neno "sisi" kwenye hotuba za viongozi: nani anaingizwa ndani yake na nani anaachwa nje. Kisha matangazo ya uchaguzi redioni. Sasa ni jumbe za sauti zinazopita kwenye simu, zile za uvumi. Kitabu kile cha kwanza ndicho kinachonukuliwa sana. Tuzo sema mbili tu, ile ya tatu ni ndogo.

Kuhusu mahojiano, waandishi wanataka kitu kifupi chenye sura nzuri. Baba na gazeti lake ni sura nzuri. Mama pale majukwaani alikuwa anatafuta riziki, na sioni faida ya kuyaanika hayo. Wewe hukuwepo, wifi. Hujui ilivyo kuingia darasani asubuhi ukakuta watoto wamepanda juu ya dawati wanaigiza mama yako.

Mama nilimpigia Jumapili. Aliongea kidogo, kisha akasema ana mtu anamsubiri. Anamsubiri nani? Na chumba amehamishwa lini? Kile cha nyuma nilikichagua mimi kwa sababu hakina kelele. Si vibaya, lakini ungeniuliza.

Nikuulize na wewe. Darasani ulikuwa na kichwa kuliko mimi, na hilo nalisema hata mbele ya watu. Huwa nikipata tuzo najiuliza, hivi yule mwenzangu alikutwa na nini? Unaandika siku hizi?

Wako,
Wifi


20 Machi

Wifi,

Sote wazima. Kaka yako kiuno kimepona. Ua la mbele limepigwa rangi. Mama hajambo, anakushukuru kwa shali uliyotuma, ameivaa hata siku ya joto.

Umeniuliza nilikutwa na nini. Kilichonikuta unakijua, kina jina la ukoo wenu. Nina madarasa asubuhi, madaftari ya wanafunzi mchana, watoto jioni. Wewe ukifunga mlango wa ofisi, unaandika. Mimi nikifunga mlango, kuna mtu anagonga. Silalamiki, umeuliza nami nimekujibu.

Anayesubiriwa ni mimi. Nikitoka chuoni napitia chumbani kwa mama, navua viatu, nakaa kwenye kiti cha dirishani, na yeye anaongea. Siku hizi anaongea sana. Mambo mengine yanampotea kidogo, majina na siku, si ya kutisha. Lakini ya zamani anayo yote. Ananisimulia alivyokuwa akifika uwanjani mapema, watu bado wachache, jua kali, na jinsi alivyojua nani wa kuanza naye kwenye umati ili wengine wafuate. Nilianza kumrekodi kwa ajili ya watoto. Kisha nikaona si ya watoto tu.

Chumba kile cha nyuma kweli hakina kelele. Alikuwa anakaa humo kama mtu aliyesahauliwa stesheni.

Naandika, ndiyo. Nimemaliza kitu kimoja nikakipeleka mahali. Kikijibiwa vizuri nitakwambia. Kisipojibiwa vizuri, tafadhali usiniulize.

Wifi yako


28 Juni

Wifi,

Nisamehe kwa ukimya huu. Ilikuwa mitihani, kisha mkutano, kisha makala za watu. Ukishakuwa profesa kila jarida linakufanya msomaji wake. Wanakutumia makala zisizo na majina ya waandishi, useme zichapwe au zisichapwe. Zimejaa mezani mpaka sioni kikombe changu. Natumaini nyote ni wazima, na kwamba mdogo ameota meno.

Kuna jambo limenikaa kifuani, na afadhali nilitoe. Jumapili moja mwezi huu nilipopiga, kaka aliweka simu mezani akaenda kumwita mama. Nikawa nasikiliza nyumba. Nikasikia vyombo, nikasikia redio. Kisha nikasikia sauti ya mama, wazi kabisa, anaita, "Chiriku, hebu njoo unifunge hii." Nikafungua mdomo kuitika. Sauti yako ikatangulia: "Nakuja, mama."

Chiriku ni mimi. Aliniita hivyo kwa sababu tangu naanza kusema sikuwa nanyamaza. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuitwa hivyo nyumbani kwetu, hata kaka hathubutu kuniita. Nikajiambia labda umeitika kwa bahati mbaya, lakini hukusita hata kidogo, wifi. Umeitika kama mtu aliyezoea. Kaka aliporudi kwenye simu nilimwambia mtandao mbovu, nikakata.

Tangu lini? Na kwa nini mimi nayajua haya kwa simu iliyosahaulika mezani? Uliandika "majina na siku". Hukuandika kwamba mojawapo ni jina langu.

Nimefikiri sana. Nadhani umefika wakati mama aje kukaa huku. Nitatafuta nyumba ya chini, isiyo na ngazi, na mtu mwenye ujuzi wa kumtunza. Wewe una watoto na madarasa, umenieleza mwenyewe jinsi unavyogongewa mlango. Utapumzika, utaandika.

Na kile ulichokipeleka mahali, kimejibiwa?

Wifi


19 Julai

Wifi,

Tuko wazima, mama mzima, watoto wazima. Salamu zimeisha.

Kimejibiwa. Jibu limefika Jumatatu, na kwa kuwa umekuwa na hamu ya kujua, nitakueleza lote. Niliandika makala juu ya wanawake wanaotangulia jukwaani kwenye kampeni, wale wanaopasha moto umati. Hoja yangu ni kwamba sisi wasomi tunachunguza hotuba ya mgombea kana kwamba watu wameamka pale alipofungua mdomo, na kumbe wameshaiva kabla gari lake halijaonekana. Mzungumzaji wangu ni mmoja. Sikumtaja jina, mji wala mwaka wa kuzaliwa. Kwenye makala anaitwa "Bibi" tu.

Kwa desturi, kama ulivyonikumbusha, makala yangu iliondoka bila jina langu, na maoni yamerudi bila jina la msomaji. Msomaji huyo amesema isichapwe. Amesema sauti ya mtu mmoja si utafiti. Amesema mwandishi amemkaribia mno anayemchunguza. Hayo ningeyameza, yana ukweli ndani yake. Lakini chini ameongeza jambo, na hapa namnukuu: "Si sahihi kwamba Bibi hakuwahi kutumia kipaza sauti. Alianza kukitumia baada ya kuugua koo, mwaka uleule aliofiwa na mumewe."

Wifi, makala yangu haikutaja koo. Haikutaja mume. Hakuna aliye hai anayeyajua hayo mawili kwa pamoja isipokuwa mama, kaka yako, na wewe. Mama hasomi tena. Kaka yako anapima viwanja.

Nilisoma sentensi ile nimesimama kwenye ngazi za idara, wanafunzi wananipita. Nikarudi ofisini, ofisi ambayo tunaitumia watu watatu, nikakaa, na mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimefiwa.

Kwa hiyo uliposema makala za watu zimejaa mezani, yangu ilikuwemo. Uliponiuliza kama nimejibiwa, jibu ulikuwa umeshaliandika wewe. Una vitabu, wifi. Una picha yako inayosubiri nafasi kwenye ule ukuta wa walionuna. Kaka yako anakusoma kwa wageni kama dua. Mimi nikatoa kimoja, kimoja tu, na mkono uliokisukuma chini ni wako.

Ndiyo, nakuonea wivu. Nimekuonea tangu tulipokuwa tunakaa dawati moja chuoni na mwalimu akasoma insha yako badala ya yangu. Lakini wivu wangu sijawahi kuutia kwenye kazi yako. Kesho wakiniita jukwaani kukutambulisha, nitasoma mpaka ile tuzo ndogo.

Kuhusu Chiriku. Alianza mwezi wa kwanza. Mara ya kwanza nilimwambia, "Mama, mimi si Chiriku, Chiriku yuko mbali." Alilia kama mtu anayepewa habari hiyo kwa mara ya kwanza. Siku ya pili alilia tena hivyo hivyo. Siku ya tatu nikaitika. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Mama haendi popote.

Wifi


3 Agosti

Wifi,

Nawaombea nyote afya. Sikujua nianzeje, nimechana karatasi kadhaa.

Ni mimi. Nilipoifungua ile makala nilijua kwenye aya ya pili, pale Bibi anaposema umati ni kama unga, ukiumwagia maji yote kwa pamoja unafanya madonge. Nilimsikia kabisa, na mkono wake kiunoni. Nilipaswa kuirudisha kwa mhariri palepale na kusema, namfahamu huyu. Sikuirudisha. Kwanza nilitaka kuimaliza. Nikaisoma, nikairudia, nikawa naenda nayo kazini na kurudi nayo.

Unajua ni wapi paliponikata? Pale kwenye mgombea aliyejificha nyuma ya gari akilia kwa woga, umati unamsubiri, na mama akamfuta uso kwa mtandio wake, akapanda, akawashika watu mpaka yule mtu akapata sauti. Nilikuwa mtoto wa nyumba ile. Nililala chumba kimoja na mama huyo. Hakuniambia. Nimetumia maisha yangu yote kuandika jinsi wanasiasa wanavyoongea na watu, wifi, nimekwenda nchi za mbali kuwahoji wapambe wa watu nisiowajua, na hili lilikuwa kwenye kitanda cha pili. Kisha unakuja wewe, unavua viatu, unakaa dirishani, na yeye anakupa. Anakupa habari zake, anakupa na jina langu.

Nilitaka kuona udhaifu wa makala, nikauona. Kila nilichoandika kwenye maoni yale kinaweza kutetewa. Lile la koo liliniponyoka. Nadhani nilitaka mtu ajue kwamba na mimi nayajua mambo yake.

Unasema unanionea wivu tangu dawatini. Basi na mimi nikwambie, nilipokukutanisha na kaka nilidhani nampa kaka mke. Sikujua nakupa na mama.

Jana nimemwandikia mhariri nikamweleza mimi ni nani kwa Bibi na ni nani kwa mwandishi. Nimemwomba ayatupe maoni yangu na atafute msomaji mwingine. Amenijibu kwa baridi, na sidhani kama ataniletea makala nyingine.

Sasa nina ombi, na naomba ulisome hadi mwisho kabla hujakasirika. Tuiandike pamoja. Nina vipande unavyovikosa: miaka, vyama, koo lake, siku aliyopigwa na jiwe begani. Jina lako litatangulia, langu lifuate. Makala itakuwa na nguvu, na hakuna jarida litakaloikataa. Orodha yangu yote ile, hakuna kazi hata moja yenye mama ndani yake. Niweke kwenye hii.

Nimeliacha la kumleta huku.

Wifi yako


20 Agosti

Wifi,

Salamu kutoka kwa wote. Mdogo ameota jino moja, limekaa upande, anajivunia.

Barua yako niliisoma kwenye gari la kaka yako, nikiwa nimeegesha nje ya shule ya watoto. Nilikaa mle mpaka wakaja kugonga kioo. Sijamwonyesha. Ameniuliza kama mmegombana, nikamwambia tunajadiliana mambo ya kazi.

Ombi lako nimelisoma hadi mwisho kama ulivyoomba, na jibu langu ni hapana.

Nikuambie sababu, usije ukadhani ni hasira. Hasira ilikuwepo, sasa imebaki kidogo, ile ya kutosha kupigia vyombo jikoni. Sababu ni kwamba ukiweka jina lako kwenye makala ile, hata likifuata, hakuna atakayeona langu. Watasema profesa ameandika juu ya mama yake, na kuna mtu alimsaidia. Zile zako nyingine zote ni zako, sijawahi kudai hata nukta. Hii niachie.

Na vile vipande ulivyo navyo si vya makala yangu. Jiwe la begani, koo, miaka. Ni vya mtoto wake. Andika wewe, kwa jina lako, siku utakayoweza. Sitakuwa msomaji wako.

Msomaji mpya amepatikana. Mhariri hakuniambia zaidi.

Mhadhara uko palepale. Mkuu wa idara ameshatundika tangazo lenye picha yako kila mlango, hata wa choo. Kitanda chako kitawekwa chumbani kwa mama, kaka yako ataazima godoro. Nakuonya mapema ili usije ukaumia mlangoni: anaweza asikujue. Akiniita Chiriku mbele yako nitaitika. Nimeona nikwambie kabisa.

Njoo lakini.

Wifi yako


6 Oktoba

Wifi mpenzi,

Nimefika salama, ila sanduku langu lilichelewa na lilikuja limepasuka upande. Kaka alinipigia jana, sauti imempanda mpaka nikaweka simu mbali na sikio. Kumbe makala imekubaliwa. Alinisomea kichwa chake, akanisomea tena nikidhani amemaliza. Hongera. Naandika neno hilo na bado linanichoma, nisingependa kukudanganya. Nitalizoea.

Ukumbini nilikutazama wakati unanitambulisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa vijembe. Ulisoma kila kitu, kitabu kwa kitabu, taratibu, kwa sauti ambayo sikujua unayo, na nilipopanda watu walikuwa wameshanipenda. Mwenzako wa meza ya pili alinishika mkono baadaye akaniambia, "Wifi yako alituweka tayari." Nilimwambia najua.

Nilitaka nikueleze ya siku yangu ya pili hapo nyumbani, ulipokuwa umekwenda kuwachukua watoto. Ulirudi ukatukuta tumekaa, ukaniuliza kulikoni, nikasema hakuna kitu.

Mama alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani na mimi kwenye kile chako. Alikuwa amenitazama muda mrefu kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye hakumwita. Kisha akaniambia, "Mwanangu Chiriku ametoka kidogo, anarudi sasa hivi. Na wewe mgeni, unafanya kazi gani?"

Nikamwambia nafundisha chuo.

"Unafundisha nini?"

"Namna wanasiasa wanavyoongea na watu."

Akajiweka sawa kwenye kiti. "Hayo nayo yanafundishwa?"

"Yanafundishwa, mama."

"Hebu nieleze."

Nikamweleza, wifi. Nilianza kwa kusitasita, kama mwanafunzi, kisha nikaachia. Nilimweleza neno "sisi" na jinsi kiongozi anavyolipanua na kulibana. Nilimweleza kitabu, kwamba kilinichukua ujana wangu wote. Nilimweleza matangazo ya redio, uvumi wa kwenye simu, hata ile tuzo ndogo, ambayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu ilitolewa na wanafunzi. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza vile. Alikuwa anatikisa kichwa, anauliza, anasubiri jibu. Mara moja alicheka, akapiga goti lake, kisha akalishika kwa maumivu.

Nilipomaliza aligeuka akatazama barabara. Kisha akaniuliza, "Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Anayajua haya yote?"

"Hapana. Sijawahi kumweleza."

"Kwa nini?"

Nikamwambia ukweli, kwa sababu kwa mgeni ni rahisi. "Nilikuwa naona aibu juu yake. Baadaye nikaona aibu kwa sababu ya ile aibu."

Hakushangaa. Alinivuta mkono, akaushika kwa mikono yake miwili, mikavu, yenye joto. Akasema, "Mweleze. Usimwachie asikie kwa watu."

Nikasema sawa, nitamweleza. Ndipo tukasikia lango, na watoto, na wewe unawaambia wavue viatu.

Wifi, nimerudi huku, nimefungua ofisi, nimekaa. Na mpaka leo sijui kama mama nimeshamweleza, au bado.

Wako,
Wifi